Shajara ya kitambaa cha almasi

Nilipokuwa nikijifunza kufuma kwa mkono nilionyeshwa vitambaa vingi vilivyokwisha, vizuri vya kupendeza, lakini ni wachache waliokuwa tayari kuniambia kazi yao iliharibika wapi na waliirekebishaje. Ndiyo sababu naandika shajara hii. Vipimo vyote vipo, anayetaka kuiga aige. Kitambaa chenyewe ni cha kufunikia mkate na kikombe kwenye Meza ya Bwana, kwa hiyo msomaji asishangae nikimtaja Mungu katikati ya hesabu za nyuzi. Mikono ikifuma, moyo nao huwa na maneno yake.

10 Januari: Hesabu kwanza

Kitanda cha mfumi ninachotumia kina fremu 4 na makanyagio. Kwa asiyejua: mtande ni nyuzi za urefu, zinazofungwa kitandani kabla kazi haijaanza. Mshindio ni uzi unaopita kati yake, kwenda na kurudi. Kila uzi wa mtande hupita kwenye jicho la kitanzi, vitanzi huning'inia kwenye fremu, na fremu huinuliwa kwa mguu. Ukikanyaga, nyuzi kadhaa hupanda na nyingine hubaki chini, mwanya ukafunguka, ukapitisha kibao chenye mshindio. Kisha kitana, yaani lile chanuo refu lenye meno ya chuma, huusukuma mshindio hadi ukae mahali pake. Huo ndio mpito mmoja.

Pambo ni almasi ndogo za mistari ya mshazari, kila moja upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 2. Nyuzi hupangwa kwenye fremu hivi: 1-2-3-4-1-2-3-4-1-4-3-2-1-4-3-2. Hizo ni nyuzi 16. Rudia mara 20, ongeza uzi mmoja mwishoni kwenye fremu ya 1 ili almasi ya mwisho ifunge. Jumla 321. Kanyagio la kwanza huinua fremu 1 na 2, la pili 2 na 3, la tatu 3 na 4, la nne 4 na 1. Miguu hufuata mpangilio uleule wa nyuzi, kwa hiyo ukijua moja umejua yote.

Uzi ni wa pamba, ambao kilo moja ina takriban mita 6,700. Mtande mweupe, mshindio wa rangi ya nili. Nyuzi 8 kwa sentimita, upana wa sentimita 40. Urefu wa mtande ni mita 3: kitambaa sentimita 180, majaribio 30, sentimita 20 zinazoliwa na kupindapinda kwa uzi, na 70 za mwisho ambazo hazifumiki kwa kuwa fremu na kitana vimezuia njia. Usizisahau hizo 70. Kwenye kazi yangu ya kwanza nilizisahau, nikapungukiwa kitambaa nikiwa nimebakiza almasi chache tu.

Mtande peke yake ni mita 963, gramu 144.

17 Januari: Kutanda

Imechukua saa 4, pamoja na hesabu za juma lililopita. Kazi ya kawaida: kuzungusha uzi kwenye vigingi vya ubao wa kutandia hadi idadi itimie.

Kosa lilikuwa kwenye kuhesabu. Nilihesabu moja kwa moja, nikafika mia mbili na kitu, mtu akabisha hodi, na niliporudi sikujua niliishia ngapi. Nikahesabu upya nikapata 207, nikahesabu tena nikapata 209. Mama aliyenifundisha kufuma, ambaye tunasali naye, aliponikuta nimeinama juu ya ubao aliniuliza, "Mwanangu, nani amekutuma uhesabu mia tatu? Hesabu kumi na sita, funga. Kumi na sita, funga." Nimekata uzi wa rangi nyingine, nikafunga kila kundi la nyuzi 16. Sasa kila fungo ni almasi moja, na hata mgeni akija, kazi haipotei.

Jambo moja la kuzingatia. Karibu na mwisho wa ubao, nyuzi hukatizana kati ya vigingi viwili: mmoja hupita juu ya kigingi cha kwanza na chini ya cha pili, unaofuata hufanya kinyume. Wafumaji hupaita mahali hapo msalaba. Msalaba ndio unaotunza zamu ya kila uzi. Mtande ukishatolewa ubaoni unaweza kuvurugika kwingine kote, lakini msalaba ukiwa umefungwa, bado utajua uzi upi unamtangulia mwenzake. Nimeufunga kwa kamba pande zote nne. Jina hilo sikulitunga mimi, wala sitaliongezea kitu.

24 Januari: Uzi wa 139

Kupitisha nyuzi 321 kwenye vitanzi na kwenye meno ya kitana kumechukua saa 8 na nusu, kwa siku tatu. Nyuzi mbili kwa kila nafasi ya kitana. Nilijitahidi, nikakagua kila kundi kabla ya kuanza jingine. Nikafunga, nikakaza, nikaanza kipande cha majaribio nikiwa na furaha.

Baada ya sentimita 12 nikaona mstari. Ulikuwa mwembamba, umenyooka toka chini hadi juu, ukizipasua almasi zote za safu ya tisa. Mwanzoni nilidhani ni uzi uliolegea. Nikaukaza, haukubadilika. Nikachukua sindano butu na kuufuata uzi huo nyuma hadi kwenye kitanzi chake: ni uzi wa 139, uliotakiwa kuwa fremu ya 3, nami niliuweka fremu ya 1.

Nataka kueleza kwa nini kosa hili linaonekana sana, maana limenifundisha pambo lote linavyofanya kazi. Angalia makanyagio tena: 1 na 2, 2 na 3, 3 na 4, 4 na 1. Fremu ya 1 na ya 3 haziinuki pamoja hata mara moja. Kwa hiyo uzi wangu haukuwa umekosea hapa na pale. Katika kila mpito, bila kuacha hata mmoja, ulifanya kinyume cha ulichotakiwa: ulipotakiwa juu ulikuwa chini, ulipotakiwa chini ulikuwa juu. Na ungefanya hivyo kwa sentimita 180.

Nilikaa na kuutazama. Niliona njia mbili. Ya kwanza, kuuacha: ni uzi mmoja kati ya 321, nani atajua? Ya pili, kufungua nyuzi 138 zilizo kushoto kwake hadi ukingoni na kuzipitisha upya, kwa sababu kwenye fremu ya 3 hapakuwa na kitanzi kitupu katika sehemu ile. Hiyo ni kazi ya siku nzima na zaidi. Nilizima taa nikaenda kulala na uzito moyoni.

Asubuhi nilimweleza Mama. Akasema kuna njia ya tatu: mfungie uzi huo kitanzi kipya hapohapo ulipo. Unachukua uzi imara wa pamba, unaupitisha chini ya mti wa chini wa fremu ya 3, unafunga fundo kwa urefu sawa na mwanzo wa jicho la kitanzi jirani, unafunga fundo la pili juu yake ili jicho litokee, kisha unafunga kwenye mti wa juu wa fremu. Uzi wa mtande unatolewa kwenye kitanzi kisicho chake, unapitishwa kwenye jicho jipya, na kurudishwa kwenye nafasi ileile ya kitana. Jambo la pekee la kuangalia ni kimo: jicho likiwa chini kuliko majirani zake, uzi hautapanda vya kutosha na kibao kitapita juu yake. Langu la kwanza lilikuwa chini kwa milimita 4. Nikalifungua, nikalirudia. Dakika 25 kwa jumla.

Nimeliwaza jambo hili juma zima. Nilipofikiria neema zamani, nilifikiria zile njia mbili nilizoziona usiku ule: ama Mungu anafumba macho, ama anafumua kila kitu na kukuanzisha upya. Uzi wa 139 haukuweza kwenda kwenye kitanzi chake; katikati palikuwa na nyuzi nyingine zimeziba. Kitanzi ndicho kilichokuja, kikafungwa pale uliposimama uzi, wala majirani zake hawakuondolewa mahali pao. "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu." Nimelisoma neno hilo tangu utotoni. Sikuwahi kulielewa kwa vidole.

31 Januari: Sampuli imenisaidia

Wengi huona uvivu kufuma kipande cha majaribio. Mimi sasa nasema usifume bila hicho. Sentimita 30 zimefichua makosa matatu, mbali na lile la uzi wa 139.

La kwanza, rangi. Nimekata sampuli na kuiosha kwa maji ya uvuguvugu, na maji yakageuka buluu, na mtande wangu mweupe ukawa na weusiweusi kama moshi. Nimechukua mshindio wote uliobaki, nikauzungusha kuwa mafungu malegevu, nikauosha mara 4 hadi maji yakatoka safi, nikauanika. Siku mbili zimekwenda.

La pili, kingo. Kwenye mfumo wa mshazari wenye kugeukageuka, uzi wa pembeni kabisa haushikwi kila mpito. Mshindio unarudi bila kuukumbatia, ukingo unakuwa na matundu. Dawa yake ni kuongeza uzi mmoja kila upande, usiopita kwenye kitanzi chochote, unaopita kwenye kitana tu, na kuning'inizwa nyuma kwa uzani wake wenyewe. Kibao kikiingia kinapita juu yake, kikitoka kinapita chini yake. Kwa hiyo mtande sasa ni nyuzi 323.

La tatu, mkono wangu ulikuwa mwepesi. Nilipata mipito 6 kwa sentimita badala ya 8, na almasi zikarefuka kufikia karibu sentimita 2.7. Hapa hakuna dawa ila kupima. Nimekata ukanda wa karatasi na kuuchora alama kila sentimita 2. Nauweka juu ya kitambaa baada ya kila almasi.

7 Februari: Sentimita 40 za kwanza

Leo naomba nisihesabu makosa, maana hayakuwepo, au sikuyaona.

Kuna wakati kwenye kufuma ambapo mwili unaelewa. Mguu wa kushoto, kibao, kitana. Mguu wa kulia, kibao, kitana. Fremu zinapanda kwa mlio wa mbao zinazosuguana, mwanya unafunguka mweupe, uzi wa nili unalala ndani yake kwa mshazari kidogo, kitana kinakuja na kuusukuma, na mstari mmoja mwembamba unaongezeka pale ambapo hapakuwa na kitu. Mstari mmoja hauna maana yoyote. Ni nukta za buluu na nyeupe. Unaongeza wa pili, nukta zinasogea uzi mmoja kulia. Wa tatu, zinasogea tena. Kufikia wa tisa mistari miwili inakutana, ncha inafunga, inageuka, na almasi 20 zinaanza kwa pamoja upana mzima wa kitambaa. Nimeliona hilo mara 20 leo, na kila mara nimetabasamu peke yangu.

Nilipokuwa nikifanya hivyo nilijiuliza: hili pambo nalifanya mimi? Miguu ni yangu, jasho ni langu. Lakini pambo liliwekwa siku zile tatu za kupitisha nyuzi, kabla sijapitisha mshindio hata mmoja. Limekaa ndani ya fremu likisubiri. Kazi yangu sasa ni kukanyaga kwa utaratibu na kulipokea linavyojitokeza. Nikakumbuka Waefeso 2. Wengi tunaijua mistari ya 8 na 9, kwamba tumeokolewa kwa neema, wala si kwa matendo. Mstari wa 10 ndio uliokaa nami kitandani leo: tuliumbwa tutende matendo mema, ambayo Mungu aliyatengeneza tokea awali "ili tuenende nayo". Tuenende! Ni kazi ya miguu. Nilikuwa nikiona kazi na neema kama watu wawili wasioelewana ndani ya nyumba moja. Leo nimefanya kazi kwa saa 4 hadi magoti yakauma, na kila nilichokiona kikitokea nilikipokea kama zawadi.

14 Februari: Uzi wa 5 umekatika

Sentimita 66. Nikasikia mlio mdogo kama unyasi unapovunjika, na uzi wa tano kutoka kushoto ukalegea.

Chanzo nimekitafuta kwanza, maana uzi haukatiki bure. Nilipopima upana nikakuta kitambaa kimebana: sentimita 36 na nusu, wakati kwenye kitana ni 40. Nilikuwa navuta mshindio sana kila nilipogeuza kibao. Kitambaa kikibana, nyuzi za pembeni haziingii tena kwenye kitana zikiwa zimenyooka, zinaingia kwa upande, na meno ya chuma yanazisugua kila mpito hadi zinachakaa. Tangu leo naulaza mshindio kwa mshazari ndani ya mwanya kabla ya kuusukuma, mwisho wake wa mbali ukiwa karibu na kitambaa na wa karibu ukiwa juu, ili uwe na urefu wa kutosha kupindapinda. Upana umerudi hadi 38, na hapo umetulia.

Marekebisho ya kwanza yalishindwa. Niliunga ncha mbili kwa fundo. Fundo halikupita kwenye nafasi ya kitana. Baada ya mipito 6 uzi ukakatika tena, na safari hii ukamchubua jirani yake. Usifunge fundo.

Njia sahihi ni hii. Chukua uzi mpya wa aina ileile, urefu wa kutosha kazi yote iliyobaki. Upitishe kwenye kitanzi kilekile na nafasi ileile ya kitana. Chomeka pini kwenye kitambaa, sentimita 5 chini ya mpito wa mwisho, zungushia uzi mpya kwenye pini kwa umbo la nane. Nyuma ya kitanda, ning'iniza mwisho wake kwa uzani. Nilitumia chupa ndogo yenye maji, ambayo ni rahisi kurekebisha: ukitaka mkazo zaidi ongeza maji, ukitaka pungufu mwaga. Gusa uzi mpya na jirani zake kwa kidole mpaka usihisi tofauti. Kisha endelea kufuma kama kwamba hakuna kilichotokea. Mikia itashindiliwa kwa sindano mwishoni.

Uzi huu haukuwepo kwenye ubao wa kutandia. Haukuhesabiwa pamoja na wenzake, haukupita kwenye msalaba ule tuliousema, haujakunjwa nyuma pamoja nao. Umekuja sentimita 66 baadaye. Lakini umepewa kitanzi kamili na nafasi kamili, unabeba mkazo sawa na wengine, na baada ya almasi mbili niliutafuta nikauona tu kwa sababu ya pini. Paulo aliwaandikia Warumi juu ya tawi la mzeituni mwitu lililopandikizwa kati ya matawi mengine, likashiriki utomvu wa shina moja nayo. Nami niliingia katika imani nikiwa mtu mzima, kati ya watu waliokulia humo. Nimefuma jioni nzima nikiutazama uzi wa tano.

21 Februari: Kufumua

Nikiwa sentimita 112 nimegundua kwamba sentimita 9 nyuma nilirudia kanyagio la pili mahali pa la tatu. Mipito 72. Nimeifumua yote, mmoja mmoja, kwa saa 1 na dakika 50. Kufumua ni polepole kuliko kufuma, kwa sababu lazima ufungue mwanya uleule uliofungua wakati wa kwenda, kwa mpangilio wa kurudi nyuma, na uzi unaotoka usikwaruze mtande. Ukivuta kwa nguvu utakata uzi mwingine. Kanuni yangu: kosa likiwa ndani ya sentimita 10, nalirudia, likiwa mbali zaidi ya hapo, mtande utachakaa kwa kusuguliwa mara mbili na hasara itazidi faida.

Wakati wa kufumua niliingiza kioo chini ya kitambaa ili kuona upande wa pili. Kuna mfano unaopendwa sana mahubirini, kwamba maisha yetu ni kama kitambaa kinachoonekana upande wa nyuma, mafundo na nyuzi zinazoning'inia, na Mungu pekee ndiye anayeuona upande wa mbele wenye pambo. Mfano huo umewafariji wengi, na siwaondolei faraja yao. Lakini kitambaa changu hakikubaliani nao. Kwenye mfumo huu, kila penye buluu juu pana nyeupe chini, na kila penye nyeupe juu pana buluu chini. Upande wa pili ni almasi zilezile, zimebadilishana rangi tu, safi kabisa.

Nikasoma tena Zaburi 139. Kwenye mstari wa 15, mtunzi anaposema aliungwa kwa ustadi mahali pa siri, neno la Kiebrania ni la shina lilelile linalotumika katika kitabu cha Kutoka kwa fundi wa kutarizi kwa nyuzi za rangi. Fundi huyo anatajwa katika Kutoka 35:35 pamoja na mfumaji, pale Bezaleli na Oholiabu walipojazwa hekima ya kazi za mikono. Mahali pa siri, yaani upande usioonekana, ndipo fundi alipofanya kazi kwa ustadi. Hilo limenipa furaha zaidi kuliko ule mfano wa mafundo.

28 Februari: Mkasi

Sentimita 180 zimetimia. Saa za kufuma: 18, pamoja na zile za kufumua.

Mfalme Hezekia, alipougua, alisema maisha yake yamekunjwa kama mfumaji akunjavyo kitambaa, akatwe atoke kwenye nyuzi za kitanda. Sikujua maneno hayo ni ya kweli kiasi gani hadi niliposhika mkasi. Mtande ulio na mkazo ukikatwa hutoa sauti, kundi baada ya kundi, na kitambaa kilichokuwa kimenyooka kama ubao hulegea mikononi. Bila mkazo kimerudi sentimita 171 kwa 37 na nusu.

Nimekikagua dirishani, mwanga ukitokea nyuma. Nikalipata kosa ambalo sikuwa nimeliona: kwenye sentimita 131 niliruka kanyagio la tatu. Mistari ya mshazari inaruka uzi mmoja, upana mzima. Mpito uliokosekana hauongezwi. Mkia wa uzi wa 5 nimeushindilia kwa sindano butu, sentimita 3 ukipishana na ule wa zamani, nikakata.

2 Machi: Maji

Kitambaa kinachotoka kitandani bado si kitambaa, ni nyuzi zilizopishana. Nimekilaza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo kwa dakika 20, nikakikandamiza kwa viganja bila kukisugua, nikasuuza mara 3. Maji yalitoka safi. Kilipokuwa bado kibichi nimekipiga pasi pande zote mbili.

Vipimo: sentimita 160 kwa 35 na nusu. Kwa maana hiyo kutoka kitandani hadi kukauka nimepoteza sentimita 20 za urefu. Anayeiga apange hivyo.

Maji yameponya mengi. Vile vijia vyembamba vilivyoachwa na meno ya kitana kila baada ya nyuzi mbili vimefunga. Mahali ambapo kipigo changu kilikuwa chepesi pamejisawazisha. Uzi wa 5 siuoni tena hata nikihesabu. Nyuzi zimevimba na kushikana. Lakini kosa la sentimita 131 limebaki kama lilivyokuwa. Ningesema labda limeonekana zaidi, kwa kuwa kila kitu kilicholizunguka kimekuwa nadhifu.

Nilitamani maji yaliondoe. Paulo naye aliomba mara tatu mwiba uondolewe, haukuondolewa, akaambiwa, "Neema yangu yakutosha." Leo kitambaa kina nguvu sentimita 131 sawa na kwingine. Nimekivuta kwa mikono miwili pale pale kwenye kosa. Kimeshika.

7 Machi: Pindo na jumla

Pindo la sentimita 2 kila mwisho, kwa mkono. Baada ya pindo urefu ni sentimita 152, kwa kuwa ncha hukunjwa mara mbili.

Gharama ya kazi yote, kwa saa: kuhesabu na kutanda 4, kupitisha nyuzi 8 na nusu, majaribio na marekebisho 5, kufuma 18, kufua, kupiga pasi na kushona 4. Jumla 39 na nusu. Uzi: mtande gramu 145 pamoja na nyuzi mbili za kingo, mshindio gramu 110 pamoja na sampuli. Nilitayarisha gramu 300, na sehemu ya zilizobaki ilihitajika kwa uzi wa 5 na kwa kitanzi. Msiandae kilichopimwa kamili.

Mama alikuja jioni. Alikikunjua mezani, akapitisha kiganja, akafika sentimita 131, akasimama.

"Hapa ulichoka."

"Ndiyo, Mama."

"Ilikuwa usiku?"

"Usiku."

Akaendelea kukipapasa hadi mwisho, akakigeuza, akautazama sana upande wa pili. Kisha akakikunja kwa mikunjo mitatu na kuniuliza kama nina karatasi safi ya kukifungia, maana Jumapili ni kesho.

Mabaki ya mtande, vipande 323 vya sentimita 70, nimeyafunga kuwa kifungu kimoja. Yatafaa kwa kufungia msalaba na makundi ya kumi na sita. Fremu nimezisafisha vumbi la pamba na kukaza mbao zilizolegea. Kile kitanzi cha uzi kwenye fremu ya 3 nilitaka kukikata, nikakipima kwanza na jirani zake: kimo ni kilekile, jicho limeshika. Nimekiacha. Mtande ujao una nyuzi 339, na mmojawapo utapita humo.